Programu Iliyotolewa Bure: Historia ya SPICE na Modeli Zake

Mwaka wa masomo 1969/70 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, profesa kijana aitwaye Ron Rohrer aliwaambia wanafunzi wake wachache wa shahada za juu kwamba safari hii hapatakuwa na mihadhara kama walivyozoea. Kazi yao ilikuwa moja: kuandika programu ya kompyuta inayoiga saketi za umeme. Hapakuwa na mtihani wa mwisho. Programu ikishakamilika wangeipeleka kwa Profesa Donald Pederson. Akiikubali, darasa zima limefaulu. Akiikataa, darasa zima limeanguka.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Larry Nagel. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa bingwa wa kuandika programu za aina hiyo, na hapakuwa na mwongozo wa kufuata. Waligawana kazi: huyu asome namna ya kutatua matriki kubwa zenye sifuri nyingi, yule ashughulikie hesabu za dayodi na transista, mwingine atafute njia ya kuhesabu volteji zinavyobadilika kadiri muda unavyokwenda.

Hakimu waliyewekewa hakuwa mtu wa kuridhishwa na karatasi nzuri. Pederson alizaliwa Minnesota mwaka 1925, akafanya kazi Bell Labs, kisha akahamia Berkeley mwaka 1955. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, yeye na wenzake walijenga pale chuoni karakana ya kutengenezea saketi unganifu, hizi ambazo mafundi wetu huziita IC, wakati ambapo wengi waliamini kuwa kazi hiyo ni ya viwanda vikubwa tu. Mtu wa namna hiyo ukimpelekea programu, atataka kujua kama inamsaidia mbunifu aliyekwama.

Na wabunifu walikuwa wamekwama kweli. Zamani mhandisi akitaka kujua kama saketi yake itafanya kazi, aliijenga mezani, akaiwasha, akaitazama kwa oskiloskopu. Transista ikiungua, alibadilisha. IC ilivunja utaratibu huo. Ndani ya kipande cha silikoni huwezi kuchomoa transista moja uweke nyingine, wala huwezi kugusa kila nodi kwa ncha ya kipimo, na kila marekebisho yalisubiri wiki nyingi kiwandani. Ukijaribu kuijenga saketi hiyohiyo mezani kwa transista za kawaida, nyaya zenyewe huongeza kapasitansi ambayo kwenye silikoni haipo, na majibu yanapotoka. Ikabaki hesabu. Lakini mkondo wa transista hauendi sambamba na volteji yake. Katika joto la kawaida la chumbani, nyongeza ya milivolti 60 tu kati ya besi na emita huzidisha mkondo mara 10. Chukua saketi yenye transista 20 zinazoathiriana kwa namna hiyo, uone kama karatasi na kalamu vitatosha.

Programu za kuiga saketi zilikuwepo tayari. IBM ilikuwa na ECAP tangu katikati ya miaka ya 1960, na Berkeley penyewe watu walikuwa wameshaandika kadhaa. Nyingi za wakati ule ziligharimiwa na jeshi la Marekani, na jeshi lilitaka jambo moja mahususi: programu ihesabu saketi itafanyaje ikipigwa na mionzi ya nyuklia. Hiyo ilikuwa Berkeley ya miaka ya vita vya Vietnam, chuo kilichojaa maandamano, na darasa la Rohrer halikutaka kushiriki shughuli hiyo. Programu yao ikapewa jina la CANCER, ufupisho wa maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba ni uchambuzi wa saketi kwa kompyuta ambao hauhusishi mionzi. Jina liliudhi baadhi ya watu, kwa kuwa ni jina la ugonjwa wa saratani, lakini msimamo ulieleweka. Pederson aliikubali. Mwezi Agosti 1971 makala ya Nagel na Rohrer kuhusu CANCER ilichapishwa katika jarida la saketi la IEEE, chama cha wahandisi wa umeme.

Kisha Rohrer akaondoka Berkeley, na Nagel akawa mwanafunzi wa Pederson. Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi ambao naona ni mkubwa kuliko ugunduzi wowote wa kihesabu katika historia hii. CANCER ilikuwa na mwenyewe, haikuwa ya kila mtu. Pederson alishikilia kwamba iandikwe upya kiasi cha kuondoa vikwazo vyote vya umiliki, ili atakayeitaka aichukue pamoja na msimbo wake wote. Nagel akaiandika upya, ikaitwa SPICE. Tarehe 12 Aprili 1973 Pederson aliitangaza rasmi katika mkutano wa nadharia ya saketi uliofanyika Waterloo, jimbo la Ontario, nchini Kanada.

Aliyetaka nakala aliandikia chuo, akalipia gharama ya utepe wa sumaku na kuutuma, basi. Wanafunzi wa Berkeley walipohitimu na kuajiriwa na kampuni za California na kwingineko, waliingia na utepe mkobani. Inasimuliwa kwamba Pederson aliwaeleza wenzake sababu yake waziwazi: anayeuza huingia kiwandani kwa mlango wa mbele na kupanga foleni na wachuuzi wengine, lakini anayetoa bure hupitishwa mlango wa nyuma, akakaa na wahandisi na kuoneshwa matatizo yao halisi. Msaada ukawa unakwenda pande mbili. Mhandisi wa kiwandani alipokuta programu inakwama, alifungua msimbo, akatafuta kasoro, akairudisha Berkeley pamoja na dawa yake.

Ili uelewe kwa nini hadi leo wanaoanza wanateseka kwa mambo yaleyale, inabidi uone namna kazi ilivyofanyika siku zile. Kompyuta ya Berkeley ilikuwa CDC 6400, ikikaa katika chumba chake, na mwanafunzi hakuigusa. Aliandika saketi yake kwenye kadi za karatasi kwa mashine ya kutoboa, kadi moja kwa kila kifaa, akazipanga, akazikabidhi dirishani, kisha akasubiri karatasi za majibu. Grafu nazo zilichapwa na mashine ya maandishi: nyota zimepangwa mstari baada ya mstari kushuka chini ya ukurasa, na ukiugeuza ukurasa ubavu unaona wimbi. Fungu la kadi lilionekana hivi:

KICHUJIO RAHISI
V1 1 0 DC 5
R1 1 2 1K
C1 2 0 1U
.END

Kadi ya kwanza ni kichwa cha habari, kinachochapwa juu ya karatasi za majibu. Tatu zinazofuata zinataja kifaa, nodi zake mbili na thamani yake. Nodi 0 ni ardhi. Hakuna mchoro wowote, kwani saketi nzima ni maandishi.

Miaka zaidi ya 50 imepita, kadi zimekwisha, lakini sheria zake zimebaki. Mwanafunzi anaandika kifaa chake cha kwanza kwenye mstari wa kwanza wa faili, programu inausoma kama kichwa cha habari, kifaa kinatoweka bila onyo. Mwingine anataka rezista ya megaomu 1, anaandika 1M, programu inampa miliomu 1. Mashine ya kutobolea kadi ilikuwa na herufi kubwa pekee, kwa hiyo M kubwa na m ndogo zilikuwa herufi moja. M ikapewa mili, na mega ikaandikwa MEG. Wa tatu anaandika kapasita ya 1F akidhani ameandika faradi 1, kumbe F ni femto, yaani sehemu moja ya milioni bilioni. Wa nne ana nodi inayoning'inia, haina njia ya mkondo wa moja kwa moja kwenda ardhini, na programu inamrudishia ujumbe kwamba matriki haitatuliki. Mtu akiomba msaada wa programu ya kuiga saketi leo, mara nyingi sana jibu lake limo katika mambo haya manne, na yote yalipangwa Berkeley zama za kadi.

SPICE ya kwanza ilikuwa na upungufu wake. Haikuweza kushughulikia vizuri koili, wala chanzo cha volteji ambacho hakikugusa ardhi, na ilikwenda kwa hatua za muda zisizobadilika: saketi itulie au iruke, hatua ni ileile. Nagel aliendelea. Tasnifu yake ya udaktari ya Mei 1975 ndiyo SPICE2, na ndani yake mna karibu kila kitu ambacho programu hizi zinafanya leo. Hatua za muda zilifupishwa pale wimbi linapobadilika haraka na kurefushwa pale linapotulia. Milinganyo ilipangwa kwa njia mpya iliyowezesha koili na vyanzo vya volteji kuwekwa popote. Nagel akaenda Bell Labs, wengine wakaipokea kazi, akiwemo Ellis Cohen, na mwaka 1983 likatoka toleo la 2G6, la mwisho kuandikwa kwa lugha ya Fortran. Programu nyingi za biashara zilizofuata zilitokana nalo.

Moyo wa SPICE2 unastahili kuelezwa, kwa sababu hapo ndipo maombi mengi ya msaada huzaliwa. Programu haijui volteji za saketi yako. Inakisia. Kwa kila transista inachora mstari ulionyooka unaogusa mkunjo wa tabia yake pale kwenye kisio, inatatua milinganyo yote kana kwamba saketi ni ya mistari mitupu, inapata volteji mpya, inakisia tena kutoka hapo. Inarudia mpaka volteji zisibadilike kwa zaidi ya sehemu moja katika elfu. Ikirudia mara 100 bila kutulia, inakata tamaa na kusema hivyo. Waandishi wa programu walijua mashaka hayo, wakaweka misaada humohumo ndani. Mojawapo ni kupitisha kila makutano ya transista njia ndogo mno ya mkondo, ya upitishaji wa simensi 1 gawanya kwa trilioni 1, ili hesabu isibaki hewani. Nyingine, iliyokuja baadaye, ni kuanza na vyanzo vyote vya umeme vikiwa sifuri na kuvipandisha polepole, programu ikitumia jibu la kila hatua kama kisio cha hatua inayofuata.

Yote hayo yanahusu kutatua milinganyo. Milinganyo yenyewe inatoka wapi? Inatoka kwenye modeli za vifaa, na historia yake ni nyingine kabisa.

Mwaka 1954 Ebers na Moll wa Bell Labs waliandika milinganyo ya transista ya aina ya baipola kwa kuitazama kama dayodi mbili zinazoathiriana. Ilitosha kueleza mambo makuu, lakini transista halisi hupoteza ukuzaji wake mkondo unapokuwa mkubwa sana au mdogo sana, na hilo modeli yao haikulionesha. Mwaka 1970, Gummel na Poon, nao wa Bell Labs, walichapisha modeli iliyofungamanisha tabia hizo zote na kiasi cha chaji kilichomo ndani ya besi. SPICE ikaichukua modeli hiyo ikiwa bado mbichi. Kwa transista za MOS walianza na milinganyo ya Shichman na Hodges ya mwaka 1968, ambayo inaingia nusu ukurasa. Ilifaa transista zilipokuwa ndefu. Zilipofupishwa mwaka hadi mwaka, milinganyo ilizidi kukosea, na Berkeley ikaanza familia ya modeli iitwayo BSIM, ambayo Profesa Chenming Hu na wenzake waliiendeleza. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni za semikondakta zilikubaliana kutumia BSIM3 kama modeli yao ya pamoja, ikiwa na vigezo zaidi ya 100 kwa transista moja.

Tofauti iliyopo kati ya milinganyo na vigezo ndiyo inayowapotosha wengi. Milinganyo ya Gummel na Poon imo ndani ya programu, na ni ya kila mtu. Vigezo ni namba ambazo mtu amezipata kwa kupima kifaa fulani, siku fulani, katika joto fulani, kisha akazipanga zifuate vipimo vyake. Usipoandika vigezo, SPICE haikulalamikii. Inakuwekea vyake: ukuzaji wa mkondo wa 100, na namba nyingine za kubuni zisizo za transista yoyote iliyowahi kutengenezwa.

Tuitazame transista moja kwa karibu, 2N2222, inayojulikana na karibu kila fundi wa redio duniani. Motorola ilianza kuitoa mwaka 1962. Modeli yake iliyosambaa sana ilitoka katika maktaba ya programu ya PSpice, na ndani yake ukuzaji wa mkondo umeandikwa Bf=255.9, na volteji inayoitwa kwa jina la James Early imeandikwa Vaf=74.03. Tarakimu nne kila moja, zinapendeza macho. Sasa fungua karatasi ya maelezo ya mtengenezaji wa 2N2222A. Kwa mkondo wa miliampea 150, ukuzaji unaruhusiwa kuwa popote kati ya 100 na 300. Mtengenezaji mwenyewe anakwambia kwamba transista mbili za mfuko mmoja zinaweza kutofautiana mara tatu, na modeli inakupa desimali. Modeli haijasema uongo: imemweleza jamaa mmoja wa ukoo mkubwa. Kosa huja pale mbunifu anapoitegemea desimali ile, saketi yake ikafanya kazi kwenye skrini tu.

Kwa IC nzima mambo yalikuwa mazito zaidi. Opampu maarufu ya 741, iliyobuniwa na Dave Fullagar katika kampuni ya Fairchild mwaka 1968, ina transista zipatazo 20. Ukiwa na saketi yenye opampu kumi, kompyuta ya miaka ya 1970 ilielemewa. Mwaka 1974, Boyle, Cohn, Pederson na Solomon walichapisha suluhisho: badala ya transista zote, jenga saketi ndogo ya kuigiza yenye transista mbili za mwanzo na vyanzo vichache vya kihesabu, ambayo ukiitazama kutoka nje inajibu kama 741. Ilipunguza kazi ya kompyuta mno, na kampuni nyingi zikaifuata njia hiyo kutoa modeli za opampu zao.

Lakini kila kilichorahisishwa kilikuwa na gharama. Katika modeli ya Boyle ya mwanzo, mkondo wa kutokea haukuchotwa kwenye nyaya za umeme za opampu, ulitoka ardhini. Aliyetaka kujua betri yake itadumu kwa saa ngapi alisoma mkondo wa betri kwenye skrini na kupata jibu lisilo na maana yoyote, na programu haikumwonya. Msaada wa kweli katika hali hiyo ni mtu kukueleza modeli ilijengwa ijibu maswali gani. Hilo halimo kwenye faili yenyewe, na watengenezaji wachache ndio waliojali kuliandika.

Mwaka 1984 kampuni ya MicroSim ya California ilitoa PSpice, SPICE iliyoendeshwa kwenye kompyuta ndogo ya IBM. Walitoa pia toleo la wanafunzi la bure, lililowekewa mipaka ya idadi ya nodi na transista, na walimu wakalisambaza kwa diski kutoka darasa hadi darasa. Kwa mara ya kwanza mtu aliyekuwa mbali na chuo kikubwa au kiwanda kikubwa aliweza kuiga saketi nyumbani kwake. Vitabu vikafuata, kikiwemo cha Andrei Vladimirescu, aliyekuwa mmoja wa waandishi wa SPICE2. Wakati huohuo Berkeley haikulala: mwaka 1989 Thomas Quarles alikamilisha SPICE3, iliyoandikwa upya yote kwa lugha ya C, na kupangwa ili mtu aongeze modeli ya kifaa kipya bila kuvuruga programu nzima.

Watumiaji walipoongezeka, waliodai modeli waliongezeka pia, na hapo roho ya Berkeley ikagonga ukuta. Programu ilikuwa wazi, modeli hazikuwa. Kampuni inayotengeneza chipu haikutaka kuchapisha vigezo vya transista zake, kwa kuwa mshindani mjuzi angeweza kusoma humo namna zinavyotengenezwa. Nyingine zilitoa modeli zilizofungwa kwa msimbo wa siri, zinazosomeka na programu moja tu: ukihama programu, modeli inabaki nyuma. Njia ya kati iliyofaa ilianzia Intel mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa jina la IBIS. Humo kampuni haielezi kilichomo ndani ya mguu wa chipu. Inatoa majedwali ya volteji na mkondo yanayoonesha tabia ya mguu huo, na mbunifu anapata anachohitaji bila siri ya kiwanda kutoka. Kwa mawimbi ya kidijitali hilo lilitosha. Kwa amplifaya halikutosha.

Miaka hiyohiyo palikuwa na sauti moja iliyopinga kwa nguvu. Bob Pease, mbunifu wa saketi wa National Semiconductor na mwandishi wa safu maarufu katika jarida la Electronic Design, aliandika mara kwa mara kwamba SPICE humdanganya mtu, na kwamba vijana waijenge saketi mezani kabla ya kuamini skrini. Wapo waliomwona mzee aliyepitwa na wakati. Mimi naona hoja yake ilikuwa na uzito, ingawa aliisukuma mbali mno. Huwezi kujenga mezani chipu yenye transista milioni, na bila warithi wa SPICE simu iliyo mfukoni mwako isingekuwepo. Ila aliona jambo ambalo wauzaji wa programu hawakulitangaza: kompyuta inatatua kwa usahihi mkubwa milinganyo ya kifaa ambacho pengine hunacho.

Mwaka 1999 kampuni ya Linear Technology ilianza kutoa bure programu iliyokuja kujulikana kama LTspice, iliyoandikwa na Mike Engelhardt. Haikuwa na mipaka ya nodi, na ilikuja na modeli za chipu nyingi za kampuni hiyo, hasa zile za kudhibiti volteji. Lengo lilikuwa kuuza chipu, na halikufichwa. Analog Devices ilipoinunua Linear mwaka 2017, programu iliendelea kutolewa bure. Engelhardt baadaye aliandika nyingine, QSPICE, iliyotolewa na kampuni ya Qorvo mwaka 2023. Upande wa pili, watu wa kujitolea walichukua SPICE3 ya Berkeley wakajenga ngspice, ambayo msimbo wake uko wazi. Mwaka 2018 programu ya kuchorea bodi za saketi iitwayo KiCad ilitoa toleo la 5 likiwa na ngspice ndani yake, nayo pia ni bure.

Pederson alifariki Desemba 2004, akiwa ameshapewa Nishani ya Heshima ya IEEE mwaka 1998. Mwaka 2011 IEEE iliitambua SPICE, pale Berkeley, kuwa tukio kubwa katika historia ya uhandisi wa umeme.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura mwenye kompyuta ya kawaida leo ana programu yenye nguvu kuliko ile iliyohitaji chumba kizima cha CDC 6400, na hakuna ankara itakayomfuata. Programu si tatizo tena. Tatizo lake ni modeli. Akishuka Kariakoo au Luthuli Avenue kununua 2N2222 au dayodi ya 1N4007, kifaa anachouziwa kinaweza kuwa cha kiwanda chochote, na vingine ni bandia vyenye maandishi ya kampuni kubwa. Hakuna maktaba ya Marekani iliyovipima hivyo.

Kuvipima hakuhitaji maabara ya fahari. Kwa transista ya kawaida, chanzo cha umeme kinachorekebishika, rezista chache na mita mbili zinatosha kuchora mkondo wa kolekta na wa besi kadiri volteji ya besi inavyopanda. Kutokana na michoro hiyo unapata Bf na kigezo cha mkondo kiitwacho Is. Ukipandisha volteji ya kolekta taratibu unapata Vaf. Ni kazi ya wiki chache kwa kundi la wanafunzi wa mwaka wa pili, nao wakiimaliza watakuwa wanajua modeli ni kitu gani kuliko kwa muhula mzima wa mihadhara.

Nawaomba walimu wa elektroniki katika vyuo vyetu vikuu na vyuo vya ufundi waifanye kazi hiyo, kila mwaka vifaa vichache, vinunuliwe madukani kwetu. Modeli ziandikwe kwenye faili la maandishi ya kawaida, na juu yake paandikwe kifaa kilinunuliwa wapi na lini, vipande vingapi vilipimwa, katika joto gani na kwa mikondo gani. Halafu zitolewe kwa kila mtu, kama SPICE ilivyotolewa. Na wewe unayeomba msaada leo, tuma faili lako zima pamoja na modeli uliyoitumia na vipimo ulivyovipata mezani. Ukishapata jibu, mrudishie aliyekusaidia namba ulizopima, maana ndizo zitakazomfaa atakayeuliza baada yako.